Jibu Bila Njia

Mjini Bariadi ukinunua gari lenye turbo hupewi hongera, unapewa pole. Nilipoleta Forester yangu ya mtumba mwaka 2016, yenye injini ya petroli ya lita mbili na turbo juu yake, jirani wa kwanza aliyefungua boneti aliguna, akaifunga polepole kama mtu anayefunika maiti, akasema, "Mwalimu, hii utaishi nayo mwaka mmoja." Wa pili alinishauri niiuze kabla haijazoea njia ya kwangu. Wa tatu, ambaye ni fundi, alisema neno ambalo nimelisikia tena na tena tangu siku ile, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye foleni ya benki na hata nje ya kanisa baada ya ibada: turbo ni mkosi, na gari la turbo halikutengenezwa kwa ajili ya Afrika.

Ninaandika kurasa hizi kuipinga kauli hiyo. Siipingi kwa sababu ninalipenda gari langu, ingawa kweli ninalipenda. Ninaipinga kwa sababu ni uongo unaotufaa sote. Unamfaa fundi, kwa kuwa injini ikifa mikononi mwake lawama husafirishwa hadi Japani. Unamfaa mwenye gari, kwa kuwa halazimiki kukiri kwamba alibana fedha mahali pasipobanwa. Na uongo unaowafaa watu wawili wanaofanya biashara pamoja huishi maisha marefu kuliko ukweli.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana si adabu mtu kuanza kufagia uwanja wa jirani. Injini yangu ya kwanza niliiua mimi. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani na sikuweza kukisoma, lakini tarakimu ni lugha ya watu wote, nami nimefundisha hisabati sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini: kilometa 5,000, kisha mwaga oili. Mimi nilimwaga oili nilipokumbuka, na nilikumbuka kwa nadra. Wala sikuwa na mazoea ya kuchomoa kijiti asubuhi kutazama kiwango. Injini ya turbo hunywa oili kidogo kidogo bila kumwambia mtu. Siku moja nikitoka Lamadi nikasikia mlio wa nyundo ndogo chini ya boneti, ngo, ngo, ngo, nikaongeza sauti ya redio. Nilipofika nyumbani injini ilikuwa imenoki. Beringi ya konirodi ilikuwa imekosa oili, ikashikana na krenki na kuzunguka pamoja nayo.

Nilipeleka gari kwenye gereji moja ambayo sitaitaja, kwa sababu ningeitaja hiyo ningelazimika kuzitaja nyingi. Fundi alikuwa mchangamfu, mwenye mikono mepesi, na kwa siku tisa nilipita pale kila jioni nikimwona kazini. Aliifungua injini chini ya mwarobaini, akaiosha bloki kwa petroli huku upepo wa kiangazi ukipuliza vumbi la barabarani. Krenki aliisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. Alinunua beringi mpya za saizi ya kawaida, akanunua ringi mpya, akazivisha pistoni za zamani na kuzirudisha kwenye silinda za zamani. Kipoza oili, kile kidude kilichokaa juu ya filta, alikimiminia petroli, akakitikisa, akasema kimekuwa safi. Pale penye mashaka alipaka gundi ya gasketi, na gundi ilikuwa nyingi kwa sababu mashaka yalikuwa mengi. Siku ya kumi akapiga ufunguo. Injini ikawaka.

"Umesikia, Mwalimu?" akaniambia. "Inaimba."

Nikatoa fedha. Hapo ndipo ninapojilaumu kuliko mahali pengine popote. Miaka yote niliyofundisha sikumpa mwanafunzi maksi kamili kwa jibu tupu. Hata jibu likiwa sahihi, kama hakuonyesha njia nilimkata, na wengine walilia mbele yangu wakisema, "Lakini mwalimu, nimepata!" Niliwajibu kwamba jibu bila njia linaweza kuwa bahati, linaweza kuwa limechunguliwa kwa jirani, na kwa vyovyote halitakusaidia swali linalofuata. Leo mtu ananiletea injini iliyowaka, ambayo ni jibu, na mimi sikumwuliza njia. Sikumwuliza nafasi kati ya beringi na krenki ni kiasi gani. Sikumwuliza silinda zimeliwa kwa kiasi gani. Sikumwuliza chochote, kwa sababu ilikuwa inaimba.

Iliimba kilometa 640. Nilikuwa kijijini kwa ndugu zangu, upande wa Itilima, msimu wa kununua pamba, ndipo usiku jirani yao akaja akikimbia. Mkewe alishikwa na uchungu tangu mchana na mambo hayakuwa yanakwenda. Gari lililokuwepo ni langu. Tukampakia na shangazi yake nyuma, tukaanza safari ya kwenda Bariadi. Njiani, mahali pasipo na nyumba wala taa, nikaisikia tena ile nyundo ndogo. Safari hii sikuongeza sauti ya redio. Nilipunguza mwendo, nikaomba Mungu, nikapunguza tena, na injini ikafa.

Sitasimulia mengi kuhusu ile saa moja na nusu. Mwanamke yule hakunung'unika hata mara moja juu ya gari, na mumewe aliniita Mwalimu kwa heshima ile ile muda wote, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angenitukana. Kisha nikasikia mluzi. Kabla sijaona taa zake nilisikia mluzi mwembamba ukipanda kilima: lori la pamba, limejaa mpaka juu, likielekea mjini. Dereva alisimama bila kuuliza swali, wakampandisha mama kwenye kabini. Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya alfajiri, na wote wawili wapo hadi leo. Mimi nilibaki na gari langu gizani, na nilikuwa na muda wa kutosha kutafakari juu ya ule mluzi. Ulikuwa mluzi wa turbo.

Hapo ndugu msomaji, kauli ya mkosi inaanguka yenyewe. Malori makubwa yanayosomba pamba kutoka Meatu na Maswa yana turbo. Mabasi yanayotoka hapa kwenda Mwanza na Dar es Salaam yana turbo. Matrekta mengi makubwa yana turbo. Sijawahi kusikia mwenye lori akishauriwa atoe turbo kwa sababu Afrika haiitaki. Kama chombo ni kile kile, vumbi ni lile lile na jua ni lile lile, basi tofauti haiko kwenye chombo. Najua fundi atanijibu kwamba lori ni dizeli na Forester ni petroli, na jibu hilo lina ukweli ambao nitaufikia. Lakini tofauti ya kwanza si mafuta. Mwenye lori anajua kwamba likisimama siku moja anapoteza fedha, kwa hiyo humwaga oili kwa tarehe. Mwenye gari dogo humwaga oili kwa kumbukumbu.

Turbo yenyewe si uchawi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikia hataza mwaka 1905, ikiwa na wazo rahisi: moshi unaotoka kwenye injini una nguvu inayopotea bure, basi uzungushe feni ndogo, na feni hiyo izungushe nyingine inayosukuma hewa ndani ya silinda. Hewa zaidi, mafuta zaidi, nguvu zaidi. Lakini mhimili unaounganisha feni hizo mbili huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Gawa kwa 60 uone: zaidi ya mara 1,600 katika sekunde moja, upande mmoja ukiwa na moshi wenye joto la kuweza kukifanya chuma kiwe chekundu. Mhimili huo haukai juu ya chuma. Unaelea juu ya utando wa oili. Oili ikichakaa, ikipungua, au ikipita kwenye tundu lililoziba masizi, utando hukatika na mambo yamekwisha. Turbo haisamehi. Lakini kutosamehe si mkosi. Mizani nzuri nayo haisamehi.

Wala si kweli kwamba injini hizi haziiwezi Afrika. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa magumu kuliko yote duniani. Toyota Celica yenye turbo iliyashinda mfululizo mwaka 1984, 1985 na 1986. Mwaka 1994 aliyeyashinda ni Mkenya, Ian Duncan, akiwa na Celica yenye turbo. Mwaka 1997 Colin McRae aliyashinda kwa Subaru Impreza, na injini yake ilikuwa ya lita mbili, silinda nne zilizolala ubavu kwa ubavu, ya ukoo ule ule wa injini iliyonifia njiani. Vumbi lililoyapiga magari yale ni vumbi la kwetu. Ni kweli walikuwa na fedha nyingi na vipuri vingi. Lakini kabla ya fedha walikuwa na daftari. Kila kilichofungwa kilipimwa, na kila kilichopimwa kiliandikwa.

Baada ya usiku ule fundi wa pili alinishauri niing'oe injini nzima niweke isiyo na turbo. Nilikaribia kukubali. Aliyenizuia ni kijana mmoja aliyesomea ufundi wa magari chuoni, mwenye kibanda kidogo na sanduku la mbao alilolifunga kwa kufuli kuliko alivyofunga mlango. Ndani ya sanduku mlikuwa na mikrometa tatu na saa ya kupimia silinda. Bei aliyonitajia ilikuwa na mstari ambao sikuwahi kuuona kwa fundi mwingine: siku mbili za kupima.

"Kupima tu?" nikamwuliza. "Bila kufunga hata boliti?"

"Mzee," akanijibu, "kupima ndiyo kazi. Kufunga ni mikono."

Nilitaka apunguze. Hakupunguza. Nashukuru hakupunguza.

Kwanza alichukua kile kipoza oili kilichotikiswa kwenye petroli, akakipasua kwa msumeno mbele yangu. Ndani mlikuwa na chengachenga za beringi ya kwanza, zinameta kama unga wa fedha. Injini yangu ilikuwa imefungwa upya, kisha ikanyweshwa vumbi la maiti yake mwenyewe. Kipoza cha namna ile hakioshwi kikasafika. Injini ikisaga beringi hutupwa, na mabomba yote ya oili yanayokwenda kwenye turbo hufunguliwa na kusafishwa au kubadilishwa, pamoja na vichujio vidogo vya waya ambavyo baadhi ya injini huvificha ndani ya boliti za mabomba hayo. Turbo yenyewe hukaguliwa mhimili wake kama unacheza. Anayefunga beringi mpya bila kufanya hayo anaanza kuhesabu kilometa kurudi nyuma.

Pili akapima krenki. Ilikuwa inang'aa kama kijiko cha harusi, lakini haikuwa duara. Msasa wa mkono hauwezi kulinda duara. Husugua zaidi pale kidole kinapobonyeza. Nafasi kati ya beringi na krenki katika injini kama hii huwa kama sehemu tatu hadi tano za mia za milimeta moja. Unywele wa kichwa chako una kama sehemu saba. Kwa hiyo fundi anayekuambia "imekaa vizuri, nimeitikisa" anakuambia kwamba vidole vyake vinatambua kitu chembamba kuliko unywele. Ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, oili hukimbia na mkandamizo wake hushuka. Ikiwa ndogo, utando haupati nafasi. Kijana aliikataa ile krenki, tukatafuta nyingine Mwanza, naye akaipima hiyo nyingine pia kabla ya kuilipia. Kisha akaweka uzi laini wa plastiki kati ya krenki na kila beringi, akakaza kwa spana ya kupimia mkazo, akafungua, akasoma upana wa uzi uliobanwa, akaandika.

Tatu akapima silinda, kila moja juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Hivyo ni vipimo 24 kwa silinda nne. Ya tatu ilikuwa imeliwa ikawa yai. Ringi mpya ndani ya yai hazizibi. Moshi hupita pembeni, oili huungua, na mtu husema turbo inakula oili. Bloki ikapelekwa Mwanza kuchongwa kufuata pistoni mpya zilizozidi kidogo, na alisisitiza pistoni zitangulie, ili mchongaji azipime na kuchonga kwa kipimo chao badala ya kuchonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye. Ringi nazo alizipima mwanya wake ndani ya silinda moja moja. Injini ya turbo hupata moto zaidi, ringi hutanuka zaidi. Mwanya ukiwa mdogo ncha zake hugusana, na kipande cha pistoni huvunjika. Watu wakikikuta husema ni mkosi. Ni mwanya.

Mwisho akanipa karatasi mbili zilizojaa tarakimu. Ndiyo njia niliyowadai wanafunzi wangu miaka yote, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuidai kwa fundi.

Tangu hapo nimejiuliza imekuwaje watu wa huku, katika watu wote, tukubali kazi isiyopimwa. Usukuma unajua maana ya mizani. Paul Bomani na wenzake walipoanza kuwaunganisha wakulima wa pamba mwanzoni mwa miaka ya 1950, moja ya kero kubwa ilikuwa mizani ya wanunuzi: mkulima alileta mzigo aliolimia miezi mingi, mwenye mizani akasoma anachotaka. Wazee wetu hawakusema pamba ina mkosi. Walidai mizani ya haki, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Mpaka leo mtu akichezea mizani kituoni kunazuka ugomvi, na Wakala wa Vipimo huja kuikagua na kuipiga muhuri. Lakini mkulima yule yule, akishauza pamba na kununua gari, humkabidhi fundi asiye na kipimo hata kimoja, na akiambiwa "tayari" hulipa. Tunapigania kilo mbili za pamba, na injini nzima tunaipima kwa sikio.

Sasa niwageukie vijana wa kuseti, kwa sababu kwao jambo hili ni baya zaidi. Injini ikishafungwa huja mtu na kukwambia anaweza kuiongezea nguvu kwa nusu saa. Anachofanya ni kuchezea bomba jembamba linaloamuru kile kilango cha kupitisha moshi pembeni ya turbo, ili turbo isukume hewa zaidi. Gari hukimbia kweli kweli. Lakini hewa imeongezeka na hakuna aliyehakikisha kwamba mafuta yamefuata. Petroli huungua sawasawa ikiwa gramu moja imepewa hewa gramu 14.7, turbo inaposukuma kwa nguvu zote, injini huhitaji petroli ya ziada, hewa gramu 11 au 12 tu kwa gramu moja, ili ile ziada ipoze silinda. Hewa ikizidi, moto hupanda, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo huvunja pistoni. Hapa ndipo petroli inapotofautiana na dizeli, nami namkubalia fundi kwa moyo mweupe: lori linavumilia hewa iliyozidi, Forester haivumilii.

Petroli nayo si moja. Injini nyingi za turbo za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya Japani haipungui oktani 96. Yetu haifiki huko, na ile ya kwenye chupa kando ya barabara hakuna anayejua imechanganywa na nini. Si bure EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Kuna na suala la mahali tulipo. Uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134 juu ya bahari, na Bariadi iko juu zaidi. Hewa huku ina mkandamizo pungufu kwa sehemu zipatazo 13 kwa mia, au zaidi, kuliko ya Dar es Salaam. Turbo ya Bariadi huzunguka kwa kasi zaidi ili ifikie pale pale. Hata kipimo cha mkandamizo wa silinda husoma chini kuliko kitabu kinavyosema, na nimeshuhudia injini nzima ikihukumiwa kifo kwa sababu fundi alisoma kitabu cha usawa wa bahari. Anayejua hulinganisha silinda na silinda: zikikaribiana, injini ni nzima.

Kwa hiyo kuseti kwa kuaminika huanza kwa kujua injini ni nzima, hufuata kipimo cha mchanganyiko kwenye bomba la moshi, hufuata kusikiliza mlipuko wa mapema kwa chombo badala ya sikio, na huongezwa kidogo kidogo, na kila hatua ikiandikwa. Asiyeweza kufanya hivyo aiache kama kiwanda kilivyoiacha. Kiwanda hakikuacha nguvu ndani kwa usahaulifu. Kiliacha akiba kwa ajili ya siku yenye joto, petroli mbaya na dereva asiyejua.

Nitaambiwa haya ni mambo ya watu wenye fedha. Nimepiga hesabu, ndiyo kazi yangu. Matengenezo yangu mawili, ya kwanza bila kipimo na ya pili yenye kipimo, yaligharimu zaidi kuliko yale ya pili peke yake. Na hiyo bado sijaweka bei ya usiku mmoja barabarani, ambayo sijui niipime kwa nini. Mikrometa ya kawaida haifikii bei ya matairi mawili mapya. Kwa hiyo sababu ya fundi kutokuwa nayo si umaskini. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumlipa kwa kuitumia. Sisi wateja humlipa kwa kufunga, tena kwa haraka, na kila siku anayotumia kupima tunaiita siku ya uvivu. Fundi wa kwanza hakuniibia. Alinipa nilichomwomba: injini iwake, upesi, kwa bei niliyoipunguza mara mbili.

Basi rai yangu ni fupi. Ukipeleka injini kufunguliwa, lipa kupima kama kazi inayojitegemea, na udai karatasi. Kwenye karatasi uone krenki, beringi, silinda, mianya ya ringi, na mkazo wa boliti. Uulize kipoza oili kimekwenda wapi. Kabla haijawashwa mara ya kwanza, izungushwe bila plagi mpaka taa ya oili izimike. Oili ya kwanza imwagwe mapema. Yangu ilimwagwa baada ya kilometa 100, kisha 1,000, na tangu hapo kila 5,000 bila kutegemea kumbukumbu. Kichujio cha hewa kitazamwe kila mara, maana vumbi la kiangazi chetu ni msasa. Rejeta iwekwe maji yake maalumu, na themostati isitupwe. Ukitoka safari ya kasi, kilometa mbili za mwisho nenda taratibu, turbo ipoe na oili ikipita. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kuwa Mzungu au kuwa tajiri.

Forester yangu imetembea zaidi ya kilometa 60,000 tangu kijana yule aifunge. Jirani aliyenipa pole ameacha kuitazama. Lakini si hilo linalonifariji. Mwaka jana nilipita kijijini, na mtoto aliyezaliwa usiku ule alinikimbilia na daftari lake la hesabu. Alikuwa amekatwa maksi, naye alitaka nimtetee.

"Shikamoo, Mwalimu. Si nimepata jibu?"

Nililitazama. Jibu lilikuwa sahihi. Njia haikuwepo. Nikamwambia akae chini, tuanze upya.